Kisu cha Kiskandinavia kwa pori la Katanga: nichukue kipi?

Mwana_Katuba (Lubumbashi)

Jambo yenu. Mimi ni wa hapa Katuba, kazi yangu ni kutengeneza simu, lakini mvua zikianza, Jumamosi hunipati mjini. Mjomba wangu ana mizinga ya nyuki upande wa barabara ya Kasenga, na mimi ndiye mikono yake sasa kwa kuwa magoti yamemchoka. Kule tunachonga vigingi vya kuegemeza mizinga, tunakata kamba za magome, tunakata masega, tunasafisha uyoga wa mama yangu mdogo, na jioni kama kuna kuku, anachinjwa. Panga tunalo, tena zuri. Ninachokosa ni kisu.

Mwaka jana nilinunua kimoja sokoni, kile chenye meno mgongoni na dira kwenye kitako cha mpini. Siku ya tatu nilikuwa nachonga kigingi, mpini ukabaki mkononi na bapa likabaki limesimama kwenye mti. Nilipoangalia ndani, chuma kilichoingia kwenye mpini kilikuwa kifupi kama kidole gumba, kimeshikwa na nati moja. Dira nayo, kaskazini yake ilikuwa popote unapogeukia. Mjomba alicheka mpaka akaketi chini.

Sasa binamu yangu anakuja kutoka Malmö, Uswidi, Desemba. Nina dola 60, naye ameniambia nichague mwenyewe, yeye hajui visu. Nimesoma mpaka macho yameuma na mkanganyiko umezidi. Mora Companion, kisu cha kampuni ya Uswidi, ya inoksi (chuma kisichoshika kutu kirahisi), au ile ya chuma cha kaboni? Au nijikaze nitafute pesa ya Garberg, Mora nyingine ya bei kubwa, kwa sababu chuma chake kinafika mpaka mwisho wa mpini? Kuna na Marttiini za Ufini zenye ala ya ngozi, nzuri kweli kwa macho. Nataka kisu cha kukaa nacho miaka, si cha picha. Naomba mtu aliyekitumia kwenye miti yetu, si mtu aliyetazama video.

Mr_Bukari (Lubumbashi)

Dola 60 kwa kisu! Hesabu kwanza ni unga wa wiki ngapi, ndipo urudi hapa. Nenda kwa mfuaji chuma yeyote, mpe kipande cha springi ya lori, atakufulia kisu kwa bei ya sahani mbili za chakula, na wajukuu wako watakirithi. Hawa Waswidi wamewaloga vijana.

Fundi_Kamalondo (Lubumbashi)

Mdogo wangu, mimi ni seremala wa milango, na jioni nachonga miiko ya bukari, yaani ugali. Mora yangu ya kwanza niliachiwa na fundi mmoja wa mashine, Mswidi, aliyemaliza mkataba wake akagawa vitu. Ilikuwa ile ya zamani yenye mpini mwekundu wa mti. Nikaidharau, nyepesi kama ya mtoto. Leo ni mwaka wa 11 na niko kwenye ya tatu, kwa hiyo nina haki ya kusema kidogo.

Tuanze na neno lenyewe. Watu wakisema kisu cha Kiskandinavia wanafikiri ni habari ya nchi tu. Habari kubwa ni namna makali yalivyochongwa. Chukua kisu cha jikoni kwako, kielekeze kwenye dirisha, ukikunjie jicho. Utaona bapa linashuka taratibu kutoka mgongoni, halafu pale mwisho kabisa kuna kamstari kembamba, mteremko wa pili, ndiyo makali. Mora haina kamstari hako. Bapa liko sawa mpaka katikati, halafu unaanza mteremko mmoja tu, mpana kama upana wa ukucha, umenyooka mpaka kwenye makali. Ukiulaza mteremko huo juu ya mti, wenyewe unakaa pale unapotakiwa kukaa, kama randa. Ndiyo maana unachonga bila kupigana na mti, na ndiyo maana hata mtu asiyejua kunoa anaweza kukinoa: unalaza mteremko mzima kwenye jiwe, basi. Pembe haikisiwi, ameshakupa aliyekitengeneza.

Angalia lakini, si kila kisu cha kutoka kule kiko hivyo. Fällkniven F1, kile cha marubani wa jeshi la anga la Uswidi tangu 1995, makali yake yamevimba kidogo kama tumbo la samaki, na unene wa bapa ni karibu milimita 4.5. Kisu kizuri, chenye nguvu, ila kwa kuchonga kijiko hakikufai, na bei yake inapita mfuko wako. Usimwambie binamu "niletee kisu cha Uswidi" halafu ukae kimya.

Sasa nikuambie kitu ambacho mimi nilikijua kwa hasara. Visu hivi vimezaliwa kwenye mti laini. Kule wanachonga msonobari na ule mti wao wenye gome jeupe, birchi. Hata Wafini kisu chao wanakiita puukko, na puu kwao ni mti. Pande mbili za makali zikikutana, pembe yake ni kati ya digrii 20 na 25 hivi. Ni nyembamba. Kwa birchi, raha. Sisi tuna mubanga, mti mgumu.

Wiki ile ile niliyoipata nilikuwa nachonga vijiti vya kufungia mlango, mubanga mkavu wa miaka miwili. Nikasikia "tik", kama umekanyaga kapenta mmoja mkavu, yule samaki mdogo kama dagaa. Nikatazama, sikuona kitu. Nikapitisha ukucha wa kidole gumba polepole juu ya makali kuanzia mpinini, ukateleza, ukateleza, halafu ukakwama. Kipande kama nusu ya mbegu ya ufuta kilikuwa kimetoka. Na mbele yake kidogo, makali hayakuvunjika ila yalikuwa yamelala upande, kama jani la mgomba lililopigwa na upepo. Nikasema Mswidi ameniachia bati. Kumbe kosa langu.

Dawa yake ni ya dakika moja. Kisu kikifika, kinoe kawaida, mteremko wote ukilala kwenye jiwe. Mwisho inua mgongo kidogo sana, kimo cha sarafu moja, uvute mara tatu upande huu na mara tatu upande ule, bila kukandamiza. Basi. Umetengeneza kamteremko kadogo kasikoonekana kwa jicho, na makali yamepata bega la kuegemea. Tangu nianze hivyo mubanga hauniumizi tena, ingawa nao siupendi. Kwa mulombwa na mikuyu hata hiyo haihitajiki sana.

Unene: chukua ya milimita 2.5, Companion ya kawaida. Kuna nyingine nene, ya 3.2, wanaiita Heavy Duty, na watu wanaikimbilia kwa kuwa neno ni kubwa. Ile inapasua kuliko inavyochonga. Wewe panga unalo, tena umesema zuri. Ile kazi ya video, mtu anapiga mgongo wa kisu kwa gogo ili kupasua kuni, wanaifanya kwa sababu wameacha shoka nyumbani.

Garberg ni kisu cha kweli, sikatai. Bapa la milimita 109, unene 3.2, chuma kimepita mpaka kitako cha mpini na unakiona kimechungulia nyuma. Kama ungekuwa unakaa porini wiki tatu peke yako, ningesema kauze simu ya mteja uipate (ninatania). Kwa Companion chuma hakifiki mwisho, ila kinaingia sehemu kubwa ya mpini, si kile kidole gumba chako cha sokoni. Yangu nimeiangusha kutoka kwenye paa.

Kuhusu chuma mimi ni mtu wa kaboni. Kinashika makali ya wembe na kinanoleka haraka. Kikigeuka cheusi ni kawaida, kiache, ile nyeusi inakilinda. Pesa itakayobaki nunua jiwe zuri la kunolea. Companion kule haifiki dola 30, kwenye maduka mengi ni karibu 20.

Mama_Ibanda (Bukavu)

Papa Fundi, nimekusoma kwa heshima, na hilo la mubanga nimejifunza leo. Lakini kijana amesema nyuki, na wewe umempa kisu cha kaboni? Hapo hapana.

Mimi nafuga nyuki Kabare. Asali ina asidi, mwanangu, hata kama ulimi hauisikii, na inavuta unyevu hewani. Nilikuwa na Mora ya kaboni. Nilikata masega asubuhi, nikaifuta kwa majani kama unavyofuta porini, nikairudisha kwenye ala, nikashuka na mvua. Jioni nilipoitoa ilikuwa na madoa ya machungwa upande mzima, na ile sehemu iliyogusa asali ilikuwa nyeusi kama chini ya sufuria. Siku iliyofuata nikakata sega jingine kumwonjesha mteja, akaniuliza mbona asali yako ina ladha ya msumari. Mteja huyo hakurudi.

Na hiyo ni siku moja. Hapa Bukavu mvua ni miezi tisa, nguo zenyewe hazikauki. Nyeusi anayosema Papa Fundi inalinda kweli, ila inalinda kisu cha mtu anayekifuta kila jioni na kukipaka mafuta. Ukikisahau siku mbili ndani ya ala yenye maji, kutu inakula makali kwanza, kwa sababu makali ndiyo membamba.

Chukua inoksi. Ile ya Companion ni chuma cha Uswidi wanachokiita 12C27, na si inoksi ya vijiko vya harusi. Inanoleka vizuri, inashika makali. Mkono wangu hausikii tofauti na kaboni isipokuwa pale inoksi inapochelewa kidogo kwenye jiwe.

Mafuta: usipake mawese kama nilivyofanya mimi mwanzoni. Yanaganda, yanakamata vumbi, na sisimizi wanakuja. Mafuta ya cherehani, tone moja.

Ala ya ngozi ya Marttiini ni nzuri kweli, nakubali, wale wa Rovaniemi wanafanya kazi hiyo tangu 1928 na wanaijua. Lakini kwa mvua zetu ngozi inaota ukungu, inabaki na maji ndani kama sponji, na kisu kinalala humo. Ala ya plastiki ya Companion haina uzuri wowote, ila unaisuuza kwa maji ukamaliza.

Halafu rangi. Chukua ya rangi ya chungwa. Kaka yangu alichukua ya kijani kwa kuwa inafanana na jeshi. Aliiweka chini kwenye nyasi akashike mzinga, mpaka leo anaitafuta.

Fundi_Kamalondo

Mama, umenishinda na nimekubali. Mimi nilikuwa nafikiria mti, nikasahau asali. Kijana, sikiliza mama: inoksi. Mimi nabaki na kaboni yangu kwa kuwa karakana ina paa.

Mr_Bukari

Na mimi hamnijibu?

Fundi_Kamalondo

Mr_Bukari, springi ya lori ni chuma kizuri, sina neno. Nina patasi mbili za springi na siziuzi. Shida iko kwenye moto. Chuma kile lazima kipashwe mpaka kiwe chekundu, kizimwe ghafla kwenye mafuta kiwe kigumu, halafu kipashwe tena kidogo ili kisiwe kama glasi. Anayejua hatua ya tatu ni mfuaji mmoja kati ya wengi, na wewe mnunuzi huwezi kuiona kwa macho. Nimepata kisu cha springi kilichopinda kama bamia, na kingine kilichovunjika kilipoanguka sakafuni, wote kwa mfuaji yule yule. Na wengi wanakiacha kinene, milimita tano, sita, kwa sababu kukipunguza kwa tupa ni kazi ya siku nzima na wewe umelipa sahani mbili. Mfuaji wako kama anazijua hatua zote tatu, tuandikie yuko wapi. Sifanyi mzaha, nitaenda.

Mr_Bukari

Yuko Kenya, ile komini ya hapa Lubumbashi, nyuma ya soko, ila sasa ameacha, anauza mikaa. Basi, mmeshinda.

Mwana_Katuba

Aksanti sana Papa Fundi, aksanti Mama. Nimemwandikia binamu: Companion, inoksi, milimita 2.5, rangi ya chungwa. Amejibu kwamba atakiweka kwenye begi kubwa la chini ya ndege, si la mkononi, hilo angalau analijua.

Maswali mawili ya mwisho. Jiwe zuri la kunolea sijaona hapa, yaliyopo yamechimbika katikati kama kinu. Na njiani: tunapita vizuizi viwili, nikivaa kisu mkandani itakuwaje?

Fundi_Kamalondo

La pili kwanza. Usivae. Kiweke ndani ya ndoo pamoja na kifukizio, kofia na wavu wa nyuki, kiwe chombo kati ya vyombo. Mimi nilivaa mara moja, kijana mmoja kwenye kizuizi akakipenda kuliko mimi, tukazungumza saa nzima. Kilichomwokoa kisu ni mwiko niliokuwa nao kwenye mfuko, nilimpa mkewe.

Jiwe lililochimbika liache kabisa. Kwa kisu hiki ni sumu: mteremko umenyooka, jiwe limepinda, baada ya mwezi mteremko wako unakuwa tumbo na ile faida yote imekwenda. Tafuta kipande cha kioo cha dirisha, kile kinene, ukubwa wa daftari. Nunua msasa wa maji, ule wa wapaka rangi magari: namba 400, 800 na 1500. Lowesha kioo, bandika msasa, wenyewe unashika. Laza mteremko, weka vidole viwili juu ya bapa karibu na makali, sukuma mbele kama unataka kukata kipande chembamba cha kioo. Sikiliza. Mteremko ukiwa umelala sawa sauti ni moja, "shhh". Ukiinua bila kujua inabadilika, inakwaruza.

Kama hujui umefika wapi, paka mteremko wino wa kalamu nene, vuta mara mbili, tazama wino umetoka wapi. Ukitoka juu tu, hujafika kwenye makali. Ukitoka chini tu, umeinua mgongo. Kwa 400 usiende kila wiki, ni kwa kisu kilichoumia. Kawaida ni 1500, na mkanda wako wa ngozi upande wa ndani, ukivuta kinyumenyume.

Mwana_Katuba

Ninarudi baada ya wiki saba. Kisu kilifika. Siku ya kwanza nimechonga vigingi 14 na mkono haukuuma. Niliweka kile kimo cha sarafu kama ulivyosema, na hakuna kipande kilichotoka, ingawa mubanga sijaugusa, nimeogopa.

Tatizo ni mjomba. Alikiomba "nijaribu tu", na tangu hapo kiko mkandani mwake, na kwenye vizuizi wanampigia saluti, sijui kwa nini. Jumamosi iliyopita alikitumia kung'oa kifuniko cha mzinga kilichoshikwa na gundi ya nyuki. Ncha imekatika, milimita tatu hivi. Yeye anasema kisu hakina kosa, mzinga ndio una kosa. Papa Fundi, nakipeleka kwa mwenye mashine ya umeme ya kunolea?

Fundi_Kamalondo

Usithubutu. Ile mashine inachoma chuma, ukiona rangi ya buluu imeingia kwenye bapa, sehemu hiyo imekufa, itakuwa laini kama msumari. Na usinoe upande wa makali kutafuta ncha mpya, utapoteza urefu wa makali bure.

Ncha inatafutwa kutoka mgongoni. Chukua msasa wa 400 kwenye kioo, simamisha kisu mgongo ukiwa chini, sugua ile sehemu ya mbele ya mgongo ukiishusha kidogo kidogo mpaka ikutane na makali pale yalipobaki. Kila baada ya dakika moja chovya kwenye maji, gusa kwa kidole, kikiwa na joto pumzika. Kwa milimita tatu ni kazi ya jioni moja, labda na nusu. Kitakuwa na pua iliyoinama kidogo, si mbaya, hata kwa masega ni afadhali.

Na mjomba mtafutie kipande cha springi ya lori, urefu wa shibiri moja, kipinde kidogo mwishoni kwa ajili ya vifuniko. Mr_Bukari atakuonyesha pa kukipata.